Rifle ya .308 ya bei nafuu: inapiga vizuri, ila waranti ilinitoa jasho

Nianze na uamuzi kwa wale wenye haraka. Bunduki ni poa SASA, lakini kutoka kiwandani ilikuja na kasoro, na kuifanya kampuni ikubali hiyo kasoro ndio ilikuwa kazi kuliko kuitengeneza. Jina la kampuni siweki, msiniulize inbox.

Niko Texas, na huku nguruwe mwitu ni balaa, wakiingia shambani usiku asubuhi unakuta kama trekta limepita. Tangu Septemba 2019 hata leseni ya uwindaji huhitaji kwa hao nguruwe kwenye shamba la mtu, mradi mwenyewe amekuruhusu, na unawawinda mwaka mzima. Kwa sisi wa Kenya hii ni dunia nyingine kabisa maana kwetu uwindaji ulipigwa marufuku 1977, rifle unaionea tu kwa askari wa wanyamapori wa KWS ama polisi anayelinda benki. Nikiwaambia wazee nyumbani ati nimenunua bunduki dukani kama mtu anayenunua jembe wanadhani nimeingia mambo mabaya. Lakini na grini kadi inaruhusiwa, unajaza fomu ya serikali ya kununua bunduki, inaitwa 4473, mwenye duka anaulizia jina lako kwenye mfumo wa FBI, jibu lilikuja nikiwa bado naangalia bei za risasi.

Sasa yenyewe. Ni bolt action, yaani unavuta bolti (kile chuma kinachofunga risasi ndani) kwa mkono kila risasi, mtutu inchi 22, stoki (kitako) ya plastiki, chini ya dola 600 bila skopu, ile darubini ya kulengea. Nilichukua ya risasi aina ya .308 na sio 6.5 Creedmoor ambayo kila kijana renji (uwanja wa kulenga shabaha) anaiimba. Hiyo 6.5 kampuni ya risasi ya Hornady waliitoa 2007, teke lake ni dogo na inaenda mbali vizuri, sibishi, lakini nguruwe mimi nampiga chini ya yadi 200, huko mbali naenda kufanya nini? .308 iko tangu 1952, ni ndugu wa ile risasi ya kijeshi ya 7.62 ya NATO inayoingia kwenye bunduki za G3 ambazo polisi wetu wamebeba miaka na miaka, na risasi zake huwezi kukosa duka lolote.

Kabla ya kupiga nilisafisha mtutu na chemba (pale risasi inapokaa) vizuri, maana kiwandani wanapaka mafuta ya kuzuia kutu na hayo hutaki yabaki mle. Kuna wale wa "break-in", ati mtutu mpya uzoeshwe kwanza, piga moja safisha, piga moja safisha, mimi hiyo naona ni dini tu, mwenye imani aendelee. Skopu nikaifunga, skrubu nikakaza kwa torki ile imeandikwa kwenye karatasi, nikatoa bolti nikachungulia ndani ya mtutu mpaka shabaha ikakaa katikati halafu nikasogeza skopu ifuate. Yadi 25 kwanza, halafu 100. Kila kliki ya skopu ni kama robo inchi kwa yadi 100 kwa hivyo haikuchukua muda kuingia katikati.

Triga tamu sana, safi, haina ile kusuasua. Usalama unakaa vizuri chini ya dole gumba. Matundu yalikuwa yanakaa ndani ya inchi moja na kitu kwa yadi 100, kwa bei hii huwezi kulalamika. Teke lipo, bunduki ni nyepesi, bega litajua.

Shida ilianza mtutu ulipopata joto. Unapiga, unataka kunyanyua bolti, inagoma. Unalazimisha, inafunguka lakini ganda limebaki ndani, kucha ya bolti inayovuta ganda imeteleza. Ikabidi nimwite msimamizi wa renji, tukalisukuma ganda kwa fimbo ya kusafishia kutoka mbele. Ukiacha ipoe inatoa maganda kama kawaida, ikipata moto tena hadithi ni ile ile. Nikabadilisha risasi nikachukua za kampuni nyingine kabisa, wapi. Na maganda yote yalikuwa na mikwaruzo ya kuzunguka, ile unaisikia kwa kucha.

Kuna mzee hapa mtaani ni fundi bunduki wa siku nyingi, akaweka geji zake za kupima chemba, Go na No-Go. Kwa .308 Go ni inchi 1.630 na No-Go ni 1.634, bolti inatakiwa ifunge kwenye ya kwanza na igome kwenye ya pili, na ilifanya hivyo hivyo. Kwa hivyo vipimo viko sawa. Akamulika taa ndani ya chemba akanionyesha: alama za mashine, hawakuilainisha. Shaba ya ganda ikipigwa inatanuka inabana ukuta wa chemba halafu inatakiwa irudi kidogo iachie, sasa ukuta ukiwa na mikwaruzo inang'ang'ania. Akasema yeye angelainisha mara moja ila akigusa tu waranti imekufa, nirudishe kwa wenyewe.

Simu zao, muziki mreeefu, lakini dada aliyepokea alikuwa mstaarabu kabisa, akanitumia lebo ya kutuma imelipiwa tayari. Nitoe skopu, nisiweke risasi, niweke bolti na magazini. Maganda yenye mikwaruzo nikayaweka kwenye kifuko na barua juu. Ikakaa huko wiki kadhaa, simu hakuna, kisha ikarudi na kikaratasi: imejaribiwa, inafanya kazi kawaida. Kifuko changu cha maganda kiko vile vile na hakijafunguliwa!! Waliipiga risasi chache ikiwa baridi, wakafunga boksi.

Na hapa wengi hawajui, ile tume ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa, inayoweza kulazimisha hata kitanda cha mtoto kirudishwe, bunduki haiigusi, ziliachwa nje ya sheria yake tangu 1972. Kampuni ya Remington walipoita bunduki zenye triga za X-Mark Pro zirudishwe mwaka 2014 ni wao wenyewe waliamua kutangaza. Kwa hiyo rafiki yako ni karatasi ya waranti na sheria ya Magnuson-Moss ya 1975, ambayo inasema ukishaandika waranti uieleze waziwazi na uifuate. Kampuni ya Ruger hata kadi ya waranti walikuwa hawaweki kwenye boksi, na wanaeleza kabisa ni sababu ya sheria hiyo, na bado watu wanasifu huduma yao. Mimi yangu sio Ruger.

Nikapiga simu tena, safari hii nikaomba msimamizi wao, nikamtumia picha za maganda na video bolti ikigoma, na nikaandika wazi kabisa: pigeni mfululizo mpaka mtutu uwe moto. Lebo nyingine ikaja. Safari hii wakabadilisha mtutu mzima, wakaweka na karatasi ya shabaha waliyoipiga wao. Risiva (kiini cha bunduki chenye namba) ni ile ile na serial namba haijabadilika, ililetwa moja kwa moja mpaka mlangoni, nikasaini basi. Hata wangenipa bunduki nyingine ya aina ile ile yenye namba mpya, sheria ya Marekani inaruhusu kiwanda kukutumia moja kwa moja bila 4473 upya.

Nimeipiga kwenye jua la Texas mpaka mtutu haushikiki, ganda linaruka lenyewe, bolti inateleza. Mtutu mpya hata unapiga vizuri kuliko wa kwanza, inchi moja kasoro ukitulia. Risasi nilizochoma nikitafuta ugonjwa hakuna aliyenirudishia, na skopu ikabidi nianze kuirekebisha upya.

Ningemwambia mtu anunue? Kwa bei hii ndiyo, ila ipige mpaka ipate moto wiki ile ile umenunua, usingoje msimu wa kuwinda kulungu, na usitupe maganda. Ukitaka kitu cha kutoa boksi na kwenda porini moja kwa moja ongeza pesa. Nyota 3 kwa 5, bunduki yenyewe ningeipa 4. Magazini ya ziada nayo ni plastiki tupu wanauza karibu dola 40, hiyo inaniuma kuliko hata ile chemba.