Siku tano za sheria ya ardhi kwa sisi madalali wa Mbeya: zilizonifaa ni mbili

Udalali niliuanza bila kujua kama nimeuanza. Nilikuwa na meza ya mitumba Mwanjelwa, na wanafunzi wa chuo waliokuja kuchagua masweta walikuwa na swali moja: "Dada, huko kwenu hakuna chumba?" Nikampeleka wa kwanza, nikampeleka wa pili. Wa tatu, mwenye nyumba akanipa elfu ishirini ya soda. Mwaka haujaisha, meza nimeshamwachia mdogo wangu. Sasa ni mwaka wa nane: vyumba Iyunga na Ikuti, viwanja Isyesye na Iwambi, na mara mojamoja shamba la parachichi upande wa Rungwe kwa wateja wa Dar ambao hawajawahi kuuona mparachichi ukiwa na maua.

Tangazo la mafunzo ya sheria na biashara kwa madalali nililiona kwenye simu: siku tano, laki moja na themanini, chai na chakula cha mchana humohumo. Waandaaji sitawataja, maana nitawasifia na nitawasema, na sitaki mtu anipigie kwa lolote kati ya hayo mawili.

Nilisita. Kilichonisukuma ni kiwanja nilichowahi kukiuza ambacho kumbe kilikuwa kimeshauzwa kwa mtu mwingine miezi minne nyuma. Sikujua, naapa. Lakini mnunuzi hakwenda kwa muuzaji, ambaye simu yake ilikuwa haipatikani tena. Alikuja kwangu, saa kumi na mbili asubuhi, na shemeji zake wawili. Kamisheni niliirudisha kidogokidogo kwa miezi saba. Laki na themanini nikaona si kitu.

Siku ya kwanza niipite haraka. Hotuba, utambulisho, kisha saa tatu za "mjasiriamali ni nani". Ulikuwa mwezi wa saba na ukumbi ule hauna dari. Wageni wa Dar walikaa wamekunja mikono kwapani, mimi nimefunga kitenge juu ya koti. Maandazi yalikuwa mazuri.

Siku ya pili akaingia wakili mmoja, mama wa makamo, hana projekta, hana vipeperushi. Alibeba rundo la nakala za hati miliki zilizofutwa majina kwa wino mweusi, akamgawia kila mtu moja. "Mteja wenu anauza hiki kiwanja. Mnampokea?" Tukaanza kukagua kwa mbwembwe. Mwingine anatazama lakiri, mwingine namba ya kiwanja na kitalu. Kaka mmoja wa Mafinga, anayeuza mashamba ya miti, akasema ramani imechorwa vibaya. Tukakubaliana wote kwamba hati ni safi.

"Muda wa umiliki ni miaka mingapi?" akauliza. Thelathini na tatu. "Unaanza lini?" Tarehe 1 Julai 1990. Akanyamaza, akatuacha tuhesabu. Nilimwona dada wa mbele yangu anatumia vidole. Umiliki ule uliisha tarehe 30 Juni 2023. Karatasi ilikuwa nzuri kabisa, imetunzwa kwenye nailoni tangu siku ilipotoka, na sisi watu ishirini na sita tunaokula kwa kuuza ardhi hatukuona kwamba muda wake umekwisha na mwenyewe anatakiwa aombe kuhuishiwa kabla hajamtafuta mteja. Hati zetu ni za miaka 33, 66 au 99, hilo kila mtu alikuwa analijua. Hakuna aliyewahi kulihesabu.

Kuanzia hapo sikusinzia tena. Alitueleza kwamba hati iliyo mkononi inakwambia hali ilivyokuwa siku ilipochapwa. Hali ya leo iko kwenye daftari la Msajili wa Hati. Ndiyo maana unafanya upekuzi, au "sachi" kama tunavyosema wenyewe: kama kuna rehani ya benki, zuio la mtu anayedai, au amri ya mahakama, humo ndimo utaikuta. Kwa miaka yote hiyo, upekuzi wangu mimi ulikuwa kumuuliza jirani. Jirani si wa kudharau, anajua mengi ambayo Msajili hayajui, lakini rehani ya benki haijui.

Akatupitisha kwenye fomu namba 29, 30 na 35, yaani taarifa ya uhamisho, maombi ya kibali na uhamisho wenyewe. Akatuonyesha pia kwamba Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 64, inataka mkataba wa kuuza haki ya umiliki uwe wa maandishi. Ile karatasi ya daftari inayoandikwa barazani kwa mwenyekiti ni maandishi, sawa, ila haiwi hati kwa kugongwa muhuri wa mtaa.

Kwa sisi wa mashamba ya parachichi na miti alikazia zaidi. Ardhi ya kijiji ina sheria yake, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, nayo ya 1999. Mzee akikuonyesha ekari kumi za babu yake, hata kama ana hati ya hakimiliki ya kimila, mgeni kutoka nje ya kijiji hanunui kwa kupeana mikono na mwenyekiti chini ya mti. Halmashauri ya kijiji inakaa kikao, inaridhia, muhtasari unaandikwa. Mwenyekiti peke yake si halmashauri. Kaka wa Mafinga alikuna kichwa muda mrefu. Sikumuuliza ni mashamba mangapi aliyokuwa anayafikiria. Baadaye alitaka kujua mtu akiuza miti iliyosimama bila ardhi inakuwaje. Jibu lilikuwa: andika hivyohivyo, miti na muda wa kuivuna, usiache neno "shamba" likae peke yake kwenye mkataba.

Siku ya tatu ukumbi uliwaka moto. Mwalimu, wakili yuleyule, aliuliza kwa upole tu: mwenye kiwanja anataka milioni ishirini, wewe ukamuuzia mteja kwa ishirini na tatu, ile tatu ni ya nani?

"Ya dalali!" Ukumbi mzima. Hicho ni cha juu, na cha juu kimesomesha watoto wengi mji huu.

Akafungua Sheria ya Mikataba, sehemu ya uwakala. Dalali ni wakala. Anapaswa kumpa hesabu aliyemtuma, na faida aliyojichumia kwenye shughuli ya mtu bila kumwambia, mwenye shughuli anaweza kuidai. Kaka mmoja wa Soweto ya hapahapa Mbeya akasimama. "Mwalimu, kama mwenyewe kasema nipe ishirini yangu, kinachozidi chako?"

"Kaandika wapi?"

"Kasema kwenye simu."

"Na siku akisema hakusema?"

Yule kaka akakaa. Wengine wakaendelea kubisha mpaka chai, na mmoja akasema hii sheria imeletwa kuua vijana. Lakini hoja ya mwalimu ilikuwa nyepesi kuliko walivyoipokea: hakukataza mtu kula, alisema kuleni, ila mwenye mali akijua. Mkubaliane kwamba kinachozidi ni chako, mtie sahihi, umemaliza. Tatizo ni kile cha juu ambacho mnunuzi na muuzaji wanakuja kukigundua siku wakinywa chai pamoja. Mimi nilikaa kimya. Kuna nyumba moja Iwambi niliikumbuka, na sitasema zaidi ya hapo.

Kodi ya kuuza nyumba nayo alitufundisha kwa mfano ambao mpaka leo nauchora kwenye daftari mbele ya wateja. Nyumba ya kupangisha: mtu alinunua kwa milioni 30, akaiongezea vyumba kwa milioni 10, leo anauza 45. Akiwa na mikataba na risiti, ongezeko lake ni milioni 5, na kodi yake, kama ni mkaazi wa Tanzania, ni asilimia 10 ya hiyo, yaani laki tano. Asipokuwa na kumbukumbu zozote, kwa utaratibu uliokuja na Sheria ya Fedha ya 2023 anatozwa asilimia 3 ya bei yote au ya thamani iliyoidhinishwa, kubwa kati ya hizo. Asilimia 3 ya 45 ni milioni moja laki tatu na nusu. Risiti za saruji na bati, jamani. Siku hizi mteja akijenga namwambia azitie kwenye bahasha hata kabla hajawaza kuuza. Juu ya hapo kuna ushuru wa stempu, asilimia 1.

Jambo moja lilipita haraka ambalo ningependa lingekaa zaidi. Sheria ya kudhibiti fedha haramu ya 2006 inamtaja wakala wa nyumba na viwanja miongoni mwa wanaotakiwa kutoa taarifa ya miamala ya kutiliwa shaka. Yaani mimi, na kibegi changu cha ngozi ya bandia, nimo kwenye orodha moja na benki. Watu walicheka, mwalimu hakucheka, kisha kengele ya chakula ikalia na mada ikaishia pale.

Siku ya nne na ya tano sitaziombea dua. Wakili aliondoka, akaja kijana wa masoko na picha za ofisi zenye vioo na mabango ya "Inauzwa" yaliyochomekwa kwenye majani, nadhani ya Marekani. Tufungue ofisi, tuweke mapokezi, tuvae tai. Kaka yangu, mteja wa Mbeya anashuka kwenye bajaji, anamuuliza mkaanga chipsi, mkaanga chipsi ananipigia mimi. Huyo mkaanga chipsi ndiye mapokezi yangu na namlipa. Nilitegemea waseme namna ya kuandikiana naye, hawakusema.

Kulikuwa na saa moja tu ya kushika: daftari la gharama. Nilipofika nyumbani nikapiga hesabu ya miezi mitatu. Watu 41 niliwaonyesha vyumba, 9 wakapanga. Nauli za bodaboda na vocha zilikuwa zimekula karibu theluthi ya kamisheni. Nilidhani napata faida kwenye vyumba vya wanafunzi. Kumbe vinanilisha tu, faida iko kwenye viwanja viwili vitatu vya mwaka.

Cheti. Tangazo lilisema "kinachotambulika". Kimekuja na jina langu limekosewa herufi, ila hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba kuna waliodhani wamepata leseni. Wathamini wana sheria na bodi yao tangu 2016. Kenya wana sheria ya mawakala wa mali tangu 1984 na bodi ya kuwasajili. Cheti cha siku tano kwenye ukumbi usio na dari si kitu cha namna hiyo, na waandaaji walipaswa kusema hivyo mlangoni. Unabaki na TIN yako, jina la biashara ukilisajili BRELA, na leseni ya biashara ya halmashauri.

Kama nimebadilika? Wiki tatu baadaye mzee mmoja aliniita Nzovwe, anauza nyumba anayoishi. Hati safi, miaka imebaki tele, nimehesabu. Nikamwambia, baba, namhitaji na mama atie sahihi. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59: nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani, hata kupangishwa, bila ridhaa ya mwenza.

"Binti, mimi na mama yenu tuna miaka thelathini na nane. Unakuja kunifundisha ndoa yangu?"

"Hapana baba. Nataka tu mama naye aniambie karibu."

Akanifungulia geti mwenyewe. Baada ya siku kumi akanipigia, njoo. Nikamkuta mama amekaa kwenye kochi, mikono mapajani, na nikajua kwa jinsi alivyoniitikia shikamoo kwamba habari ya kuuza ndiyo kwanza anaisikia. Nikaweka karatasi yangu mezani, ile nusu ukurasa ninayoitumia sasa: bei anayoitaka mwenye mali, kamisheni asilimia ngapi, analipa nani na lini, na mteja niliyemleta akirudi kunizunguka ndani ya miezi sita inakuwaje. Mama akaisoma yote, taratibu, kisha akairudisha upande wangu wa meza. "Nyumba haiuzwi, mwanangu. Kunywa chai."

Nikanywa chai. Nauli ya kwenda na kurudi niliiandika kwenye daftari, safu ya hasara.

Kwa dalali anayeniuliza kama aende: nenda, beba koti, na beba nakala ya hati yoyote inayokusumbua, maana yule wakili anabaki nusu saa baada ya kipindi na hachoki. Niliwaandikia waandaaji kuuliza kama mtu anaweza kulipia siku ya pili na ya tatu peke yake, maana nina wenzangu wanne walio tayari. Walijibu kwamba wamepokea maoni yangu.