TAHADHARI: Wanaonunua na kuuza "dola mbili adimu" Dar, na noti nyingine za bakshishi zinazowaliza mabaharia

Ndugu mabaharia, madereva, waongoza watalii, na nyie mnaopokea dola kutoka kwa jamaa walioko melini: kuna mchezo unachezwa hapa mjini, na noti moja inapiga watu wawili.

Mtu wa kwanza ni yule aliyeshuka melini na furushi la noti za dola 2 alizopewa bakshishi. Anakutana na mnunuzi karibu na geti la bandari, Posta, au kwenye kundi la WhatsApp, anaambiwa "hizi hazitumiki tena, lakini nitakusaidia." Anaziuza kwa bei ya kutupa. Mtu wa pili anauziwa noti hizohizo kwa bei ya juu, akiambiwa ni adimu, ni za bahati, zimebaki chache duniani. Mnunuzi na muuzaji ni mtu huyohuyo mmoja, na maneno yake yote mawili ni uongo.

Noti ya dola 2 ni fedha halali ya Marekani. Ilianza kutolewa 1862, uchapishaji ukasimama 1966, ikarudi 1976 Wamarekani walipoadhimisha miaka 200 ya uhuru wao, na bado inachapishwa. Mbele ina sura ya Thomas Jefferson, nyuma kuna mchoro wa viongozi wakipokea rasimu ya Tangazo la Uhuru la 1776. Kwao haionekani sana madukani kwa sababu watu wanazihifadhi majumbani, na hapo ndipo ilipozaliwa imani ya kwamba ni adimu. Abiria wengi wa meli za kitalii huziomba benki kabla ya safari ili wampe mhudumu wa chumba au weita kitu cha kukumbukwa. Nia yao ni njema kabisa. Wasichokijua ni kwamba mhudumu huyo hali Marekani. Anakula Mbagala, Temeke, Tandika, na dola yake lazima ipite kwanza kwenye dirisha la kubadilishia fedha.

Dirishani noti hiyo inakwama kwa sababu tatu. Ya kwanza ni udogo: hapa Dar noti za 50 na 100 ndizo zenye bei nzuri, na ukishuka kwenye 20, 10, 5 na 1, bei inashuka pia au unakataliwa. Ya pili ni mwaka. Maduka mengi hayapokei dola za kabla ya 2006, mengine yanataka 2009 kuendelea. Angalia neno "SERIES" pembeni ya sura, mwaka umeandikwa hapo. Dola 2 nyingi zinazozunguka zimeandikwa 1976, 1995 au 2003, kwa hiyo zinaanguka kwa kigezo cha mwaka hata kama ni mpya kama zimetoka kiwandani jana. Marekani yenyewe haijafuta noti zake za zamani. Wanaozikataa ni wanunuzi wa huku, wakihofia bandia na wakijua kwamba nao watapata shida kuziuza.

Sababu ya tatu wengi hawaijui. Noti ya dola 1 na ya dola 2 hazina uzi wa usalama wala sura iliyofichwa kwenye karatasi inayoonekana ukiinua noti kwenye mwanga. Karani akiimulika haoni kitu. Kwa hiyo mtu akikuambia "angalia, haina uzi, ni feki, nipe kwa nusu bei nikaitupe," usikubali, noti halali ya dola 2 haina uzi. Ipime hivi: pitisha ukucha kwenye koti la Jefferson, usikie mikwaruzo ya wino ulioinuka. Tafuta nyuzinyuzi ndogo nyekundu na bluu zilizozama ndani ya karatasi. Zikiwa zimechorwa juu tu, ni bandia. Muhuri ulio kulia na namba za noti ziwe rangi moja, kijani kwa toleo la 1976 na yaliyofuata. Chini ya taa ya zambarau (UV) ya kukagulia noti, karatasi isiwake nyeupe, maana karatasi ya dola haiwaki kama ya daftari.

Sasa tupige hesabu. Umeshuka na noti 40 za dola 2, yaani dola 80. Tuseme bei ya dola ni shilingi 2,500: thamani yake ni 200,000. Mnunuzi wa getini anakupa 1,500 kwa dola "kwa kukusaidia," unaondoka na 120,000. Umeacha 80,000 mkononi mwake kwa mazungumzo ya dakika tano. Naye siku hiyohiyo atazipiga picha, moja moja, na kuandika "adimu sana, inbox bei."

Mahali pa kuzibadilisha ni melini, kabla hujasaini kushuka. Ofisi ya parsa, yaani afisa wa fedha wa meli, inafanya kazi kwa dola na haina sababu ya kuogopa noti ya 2. Nenda mapema, siku tatu au nne kabla ya mkataba kuisha. Siku ya mwisho foleni ni ndefu na noti kubwa huwa zimekwisha. Omba 50 na 100 za miaka ya karibuni, zikague palepale, zisiwe na tundu, wino wa peni, mhuri wala mpasuko, maana hivyo vyote huku vinapunguza bei au vinakataliwa. Meli ikitia nanga Miami au bandari nyingine ya Marekani, benki ya pale inazipokea kwa thamani yake kamili. Sarafu za dola 1, zile za rangi ya dhahabu ambazo wageni wanapenda kugawa, zitumie hukohuko zote. Dar hakuna anayebadilisha sarafu za kigeni.

Kama tayari uko nyumbani nazo, usikimbilie mtaani. Ulizia kwanza benki yenye akaunti yako ya dola kama wanapokea noti ndogo na makato ni kiasi gani. Zikikataliwa, mpe baharia mwenzako unayemwamini anayerudi kazini akakubadilishie kwa parsa. Noti haiozi. Kumbuka pia tangu 28 Machi 2025 kanuni zinakataza bei za bidhaa na huduma za ndani kutajwa au kulipwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo usitegemee kuzimaliza dukani. Na anayebadilisha fedha bila leseni ya Benki Kuu anavunja sheria. Akikupiga, huna risiti ya kumfuata nayo.

Turudi kwa muuzaji wa "adimu." Silaha yake kubwa ni picha ya skrini kutoka eBay, soko la mtandaoni, inayoonyesha dola 2 ikiuzwa maelfu ya dola. Ile ni bei anayoomba mtu, na kuomba ni bure. Chuja uone zilizouzwa kweli, bei itaanguka mbele ya macho yako. Dola 2 yenye muhuri wa kijani iliyokwisha kutumika thamani yake ni dola 2. Zenye muhuri mwekundu, za matoleo ya 1928, 1953 na 1963, wakusanyaji huongeza kidogo, na zikiwa zimechakaa nyongeza hiyo ni ndogo sana. Nyota mwishoni mwa namba ya noti inamaanisha tu kwamba ilichapishwa kuziba nafasi ya noti iliyoharibika kiwandani. Peke yake haikutajirishi. Ukiona noti imebanwa ndani ya plastiki ngumu na "cheti" kilichochapwa stesheneri, mwambie aitoe nje uipapase. Akikataa, ondoka.

Anayo pia mengine kwenye begi. Noti ya dola milioni moja: Marekani haijawahi kutoa noti hiyo, hata siku moja. Noti kubwa kuliko zote waliyochapisha ni ya 100,000 ya 1934, nayo ilitumika kati ya benki za mfumo wa benki kuu ya Marekani (Federal Reserve) tu, haikufika mikononi mwa raia. "Dola ya dhahabu" ni plastiki iliyopakwa rangi ya kung'aa. Zimbabwe trilioni 100, ile ya mawe yaliyopangana mbele na maporomoko na nyati nyuma, ilikuwa fedha kweli, ilitolewa Januari 2009 na ikafutwa rasmi 2015. Wakusanyaji wanaipenda, ndiyo maana bandia zake zimejaa. Haibadilishiki benki yoyote duniani, na wanaosema "itarudishiwa thamani, nunua sasa" wanakuibia.

Kuna noti mnapewa na wageni wenyewe, na hizi zinaumiza roho. Ipo karatasi inayokunjwa ikaonekana kama kona ya dola 20, ukiifungua ndani kuna mahubiri. Zipo noti za mafunzo ya makarani wa benki wa China, zinafanana sana na dola 100 ila zina maandishi ya Kichina ya rangi kwenye uso wake. Zipo za sinema zilizoandikwa kwa Kiingereza kwamba ni za filamu tu. Ipo noti ya Euro 0, zawadi ya ukumbusho kwa watalii, karatasi yake nzuri kuliko hata fedha ya kweli, na thamani yake ni ileile iliyoandikwa. Fungua noti yoyote iliyokunjwa kabla mgeni hajapanda basi kurudi bandarini. Si kukosa adabu. Mwambie kwa upole, "Samahani, hii huku hatuwezi kuibadilisha, una nyingine?" Mgeni mwema atakubadilishia papohapo, mara nyingi hata hakujua.

Za Ulaya zilizopitwa na wakati nazitaja kwa haraka. Pauni za karatasi za Benki ya Uingereza zimeondolewa zote: 5 mwaka 2017, 10 mwaka 2018, 20 na 50 tarehe 30 Septemba 2022. Benki hiyo bado inazibadilisha bila kikomo cha muda, kwa hiyo mwenzako anayefanya kazi kwenye meli inayofika Southampton anaweza kukusaidia, mradi ni huko Uingereza, si mtaa wa Samora hapa Dar. Pauni za Skotlandi na Ireland ya Kaskazini ni halali, lakini karani wa Dar akiona si sura anayoijua atazirudisha. Maki ya Ujerumani bado inabadilishwa na benki kuu yao. Faranga ya Ufaransa ilikufa kabisa 2012, lira ya Italia 2011. Shilingi 1,000 ya Kenya ya zamani ilikoma 30 Septemba 2019. Na za kwetu: noti za matoleo ya 1985 hadi 2003, pamoja na ile ya 500 ya 2010, muda wa kuzibadilisha ulikwisha 5 Aprili 2025, kwa hiyo mtu asikuchomekee hizo kwenye chenji.

Hatari kubwa zaidi nimeiacha huku chini makusudi, kwa sababu anayefika hapa ndiye mwenye dola mfukoni. Mnunuzi anakuambia: "Nipe dola ndogo zako, nikupe mia mia, bila makato." Jiulize kwa nini mtu akubali hasara ambayo duka lenye leseni halikubali. Jibu ni kwamba hiyo mia ni dola 5 iliyooshwa wino ikachapwa upya kuwa 100. Karatasi ni ya dola kweli, kwa hiyo peni ya kupimia inapita bila shida, maana peni ile inapima wanga kwenye karatasi tu. Papasa, karatasi iko sawa. Inainuliwa kwenye mwanga, uzi upo. Watu wanaridhika hapo, na hapo ndipo wanapolizwa.

Usiridhike na kuuona uzi, usome. Kwenye 100 halali umeandikwa "USA 100" na uko kushoto kwa sura. Chini ya taa ya zambarau unawaka waridi. Uzi wa 5 umeandikwa 5 au "FIVE" na unawaka bluu. Kisha tazama sura iliyofichwa kwenye karatasi: iwe ya Benjamin Franklin, ileile iliyochapwa. Ukiona tarakimu 5 au mtu mwingine, imekwisha. Kwenye 100 mpya, iliyoanza kutolewa Oktoba 2013, kuna utepe wa bluu uliosukwa ndani ya karatasi. Tikisa noti: kengele zilizomo zinageuka kuwa 100 na zinatembea. Utepe uliochapwa hautembei. Kengele iliyomo ndani ya kidau cha wino inabadilika kutoka rangi ya shaba kwenda kijani. Fanya ukaguzi huu kwa kila noti. Tapeli mzoefu huweka nzuri mbili juu na mbovu katikati.

Ukigundua umeshapokea bandia, usimsukumie mwingine. Kutumia noti bandia ukijua ni bandia ni kosa la jinai hata kama ulipigwa kwanza. Iweke kwenye bahasha, usiishikeshike, andika siku, saa, mahali na sura ya mtu, upeleke polisi au benki. Kama ulimlipa muuzaji wa "adimu" kwa simu, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako mara moja kabla hajatoa hela, na hifadhi ujumbe wa muamala wenye jina lililosajiliwa. Jina hilo huonekana kabla hujaweka namba ya siri. Lisipolingana na aliyejitambulisha, usimalizie. Meseji zake za kitapeli zitume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, na picha za mazungumzo ya WhatsApp uzihifadhi kabla hajazifuta.