Kipima mapigo cha baiskeli: uliza kama mkanda unachomoka

Mapigo 214 kwa dakika, nami nateremka mlima bila hata kukanyaga pedali! Mimi nilicheka. Programu ya mazoezi kwenye simu haikucheka: iliiandika 214 kuwa kilele changu, yaani mapigo ya juu kabisa ya moyo wangu, ikapanga upya zoni zote, vile viwango vya mapigo vya kufanyia mazoezi. Kilele changu cha kweli ni 182, nilikipata nikipanda kilima hadi nikaona kiza machoni. Sasa piga hesabu. Zoni ya pili ni asilimia 60 hadi 70 ya kilele, kwa hiyo badala ya 109 hadi 127 nikawa naambiwa nikae kati ya 128 na 150. Wiki sita nzima safari zangu za "kupumzika" zilikuwa zikigusa asilimia 82, na kila asubuhi nashangaa kwa nini miguu mizito kama magunia.

Chanzo ni mkanda wa kifuani. Chumvi ya jasho ilikuwa imeshakula elektrodi zake, vile vipande vinavyonasa umeme wa moyo, na jezi ikipepea kwenye upepo huzua umeme tuli ambao kihisi hudhani ni moyo. Ningebadilisha mkanda tu, yakaisha. Ila niliouziwa mimi umeshonwa pamoja na kihisi. Kimoja kikifa, vyote vinazikwa. Nilipolalamika, muuzaji akanishauri ninunue kingine. Ahsante sana.

Basi rangi na uzito mtasoma kwenye boksi. Mimi naangalia kama mkanda unachomoka.

Namba moja ni Polar H10, na upendeleo wangu sifichi. Kihisi kinabanwa kwa vifungo. Ukikibandua, mkanda unaingia kwenye mashine ya kufulia kwa nyuzi 40. Betri ya CR2025 inakaa saa 400 hivi, na mfuniko wake unafunguka kwa sarafu. Kinaongea na simu na kompyuta ya baiskeli kwa wakati mmoja. Kinachonikera ni bei ya mkanda wa akiba: kitambaa kile na lastiki, utadhani kimefumwa kwa hariri.

Namba mbili, Garmin HRM-Dual. Nao unachomoka, betri ni CR2032 inayopatikana kila mahali.

Namba tatu, Polar Verity Sense, ya kuvaa kwenye mkono juu ya kiwiko. Inasoma damu kwa mwanga, haina elektrodi za kuliwa na chumvi. Ukichomoka mbio za ghafla huchelewa sekunde kadhaa, lakini kwa zoni ya pili haina neno.

Saa janja? Ukikunja kiganja kwenye usukani wa baiskeli inayotikisika, husoma mambo ya ajabu. Vya bei chee, geuza uone mshono kabla ya kutoa pesa.

Chochote utakachonunua, zima kipengele cha programu kujibadilishia kilele. Usikimbilie pia ile fomula ya kukisia kilele, 220 toa umri. Nina miaka 47, fomula inanipa 173, pungufu kwa mapigo tisa. Na lowanisha elektrodi kabla ya kupanda baiskeli. Mate yanatosha.