Tamari kwenye wali kiporo: sosi naipenda, mdomo wa chupa unaniudhi

Haya jamani, karibuni tena jikoni. Wali kiporo huu hapa, umelala kwenye friji tangu jana, umekauka vizuri. Tazameni, nikiushika kwa vidole unachambuka punje kwa punje. Huo ndio tunaoutaka; wali wa moto ukiingia kwenye mafuta unageuka bokoboko. Kukata karoti na vitunguu nayaruka, hayo mnayajua. Leo tuko na chupa hii ya tamari, aina ya soya sosi, kwa ajili yenu mnaouliza wali wa kukaanga usio na gluteni, ile protini ya ngano, unapikwaje.

Mchele wenyewe hauna gluteni. Balaa liko kwenye soya sosi, kwa sababu ile ya kawaida inatengenezwa kwa soya pamoja na ngano. Tamari asili yake ni Japani, majimaji yaliyokuwa yakichuruzika kwenye miso, yaani rojo la soya iliyochachushwa, na ngano yake ni kidogo au haipo kabisa. Mmesikia hapo? Kidogo, au haipo. Kwa hiyo geuza chupa, soma viungo, tafuta palipoandikwa kwamba haina gluteni. Ulaya na Marekani maandishi hayo yanaruhusiwa gluteni ikiwa haizidi miligramu 20 kwa kilo. Na kama nyumbani kuna mtu mwenye ugonjwa wa siliaki, yaani gluteni inamdhuru utumbo, msikubali kuambiwa ngano imekwisha sosi ilipochachushwa. Gluteni iliyovunjwavunjwa hivyo vipimo vya kawaida haviinasi vizuri.

Ladha yake nimeipenda sana. Nzito, imekolea, haichomi ulimi kwa chumvi.

Sasa sogeeni muone kinachoniudhi. Naweka sahani nyeupe hapa. Nainamisha chupa taratibu... hakitoki kitu. Naongeza kidogo... bado. Naongeza tena... bwaa! Mmeona? Nilitaka kijiko kimoja cha chai, imemwagika dimbwi zima! Narudia, asije mtu akasema nimeinamisha vibaya. Taratibu... taratibu... bwaa, vilevile. Angalieni mdomo wake: kitundu kimoja tu, hewa haina pa kuingilia, ndiyo maana inagoma halafu inatoka kwa mpigo. Ikikutokea juu ya karai, wali wote unalowa, unashikana, na chumvi huitoi tena. Na bei yake iko juu kuliko soya sosi ya kawaida! Kwa pesa hiyo walishindwa nini kutoboa kitundu cha pili?

Dawa yake ni hii. Mimina kwenye kijiko, pembeni, mbali na karai. Moto uwe mkali, mayai yameshaiva, wali umeshapata joto. Kisha sosi ipitishe ukingoni mwa karai, kwenye chuma chenye moto, usiimwage juu ya wali. Sikieni hiyo sauti! Inachemka hapohapo, harufu inapanda, ndipo unageuza. Kwa harufu hii, hasira ya chupa imenipungua kidogo.

Kuna walionishauri sosi ya utomvu wa mnazi. Haina soya wala ngano, sawa, lakini ni tamu na inaungua haraka kwenye moto huu. Video ijayo nitaziweka zote mbili jikoni, kwa hiyo jisajilini msipitwe.

Vitu vingine vya kuchungulia: sosi ya chaza na vidonge vya supu, mara nyingi vina ngano. Nyama ya kiporo pia, kama mchuzi wake ulitiwa unga. Na mwiko wa mbao uliokorogea uji wa ngano usiulete hapa.

Mwisho, wali. Ukishaiva, upoze haraka, uingie kwenye friji ndani ya saa moja, uliwe ndani ya siku moja. Kuna bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemshwa, na wali ukikaa mezani wanazaana na kutoa sumu ambayo hata moto wa karai hauiondoi. Ukaange mpaka ufuke mvuke kotekote. Utakaobaki baada ya hapo usiupashe tena.