Simu Imeingia Maji: Mchele, Silika au Isopropili?

Kama unanitazama kwa simu ileile iliyotoka majini, izime sasa hivi. Mengine utayaona kwenye simu ya mwenzako.

Sababu ni hii. Maji yenyewe hayana haraka ya kuua simu, kinachoiua ni umeme kupita ndani ya maji hayo. Maji ya bomba yana madini, na umeme ukipita humo shaba ya bodi, yaani ile sahani ya ndani yenye vipuri vyote, inaanza kuliwa, unabaki na ile kutu ya kijani. Kwenye simu za kioo cha LCD, njia ya taa ya kioo hubeba volti nyingi kuliko betri, ambayo ni volti nne hivi, kwa hiyo mara nyingi hiyo ndiyo hutangulia kuharibika. Simu inaita, inatetema, lakini kioo giza.

Kwa hiyo usichomeke chaji, na usiiwashe eti uone kama inafanya kazi. Vua kava, toa laini, elekeza tundu la chaji chini, kisha igongegonge taratibu kwenye kiganja. Usipulize kwa mdomo wala kwa pampu, maana unayasukuma maji yafike mahali ambapo hayakuwa yamefika. Drayeri ya nywele pia weka mbali: joto linalegeza gundi ya kioo na halipatani na betri.

Sasa tuje kwenye bidhaa. Mchele naupa sifuri. Ukiona simu imepona ndani ya mchele, jua ingepona hata ingelala mezani mbele ya feni, tena mapema zaidi, kwa sababu feni inapitisha hewa na gunia linaizuia. Vumbi la mchele nalo huganda ndani ya tundu la chaji. Apple wenyewe, kwenye maelekezo yao kwa wateja, wanakataza kuweka iPhone kwenye mfuko wa mchele.

Silika, zile punje za kunyonya unyevu, naipa tano kati ya kumi. Hii kweli inanyonya unyevu wa hewani, lakini chagua vizuri. Vile vipakiti vilivyokaa kwenye boksi la viatu kwa miezi vimeshashiba zamani. Tafuta punje zinazobadilika rangi, kwa mfano za chungwa zinazogeuka kijani zikijaa, weka gramu 250 hivi kwenye chombo kinachofunga vizuri, simu ikae humo saa 24 hadi 48. Punje zikishiba unazikausha kwenye oveni kwa joto la nyuzi 120 hivi, zinatumika tena. Kasoro yake kubwa ni kwamba inaondoa maji na kuyaacha madini palepale. Kama kilichomwagika ni soda au maji ya bahari, utapata simu kavu yenye sukari au chumvi ndani, na siku ikipata unyevu kidogo kutu inaendelea na kazi yake.

Ndiyo maana chupa hii ya isopropili ya asilimia 99, aina ya spiriti ya kusafishia, inapata nane. Inapenya chini ya vipuri vidogo, inachanganyika na maji yaliyojificha, kisha inaruka nayo. Angalia lebo: ya asilimia 70 ina maji karibu theluthi moja, na vitakasa mikono vina viungo vinavyobaki kwenye bodi. Thina na petroli usivikaribishe kabisa, vinayeyusha plastiki.

Kuitumia, lazima ufungue simu. Kitu cha kwanza kuchomoa ni waya wa betri, kwa kibanzi cha plastiki, si bisibisi ya chuma. Toa bodi, ilowekwe dakika tano, kisha isugue kwa mswaki laini, hasa kwenye soketi za nyaya na tundu la chaji. Suuza kwa isopropili safi, siyo ile iliyokwisha kuchafuka, halafu acha mbele ya dirisha saa kadhaa. Kinacholowekwa ni bodi peke yake. Kioo kikiingiwa na kimiminika hiki kinabaki na madoa, na betri, kamera na spika navyo havitaki. Mvuke wake unashika moto haraka, kwa hiyo jiko na sigara viwe mbali.

Mbona si kumi? Kwa sababu ya vile vifuniko vya bati vilivyochomelewa juu ya bodi. Maji yakishaingia chini yake, mswaki haufiki. Hapo inahitajika mashine ya hewa ya moto na mkono wa fundi. Kama hujawahi kufungua simu, mpelekee fundi siku hiyohiyo, umwambie wazi ni maji gani yaliyoingia.

Wenye simu za IP68, yaani zenye kipimo cha kuzuia vumbi na maji, msitembee kifua mbele. Kipimo hicho hufanywa kwa maji safi na simu mpya. Raba na gundi huchoka, na simu iliyofunguliwa bila kuwekewa gundi mpya haina tena kinga hiyo.

Ikiwaka, usianze kupima spika. Hamisha picha na namba kwanza, kwa sababu bodi iliyolowa inaweza kuzima wiki kadhaa baadaye. Na ukiona mgongo wa simu unainuka, betri imevimba: usiichaji tena, usiibonyeze, ibadilishwe.