Ramani ya Rwenzori: mito imechorwa vyema, barafu imepitwa na wakati
Ramani hii ya milima ya Rwenzori, yenye kipimo cha 1:50,000, yaani sentimita 2 kwa kila kilomita, ilinifaa kuliko simu. Mistari ya kontua, ile inayoonyesha mwinuko wa ardhi, imesongamana chini ya kilele cha Margherita, chenye mita 5,109, hata jicho linauona ugumu wa mlima kabla ya miguu kuufikia. Nayo michirizi ya buluu inaonyesha waziwazi jinsi mto Bujuku unavyoshuka bondeni hadi kuungana na Mubuku. Ila mipaka ya barafu ni ya zamani mno, kwani palipopakwa weupe sasa ni mwamba mtupu. Karatasi nayo ilichanika kwenye mikunjo siku ya pili ya mvua, kasoro isiyovumilika katika milima inayonyeshewa kiasi hiki.