Uzi wa kufumia zawadi za baridi: nimeupanga kuanzia wa kununua kwanza

Unaponunua uzi wa zawadi, usijifikirie wewe mwenye sindano. Mfikirie atakayefua. Wewe utakaa na uzi huo wiki mbili tatu tu; mwenzako ataivaa kofia hiyo miaka, na siku moja itaingia kwenye mashine ya kufulia pamoja na mataulo, uwe umemwonya au hukumwonya. Niliwahi kumfumia mtoto wa shemeji sweta ya sufu ya kawaida, nikaeleza kwa kirefu namna ya kuifua. Ilifuliwa kwa maji ya moto mara moja tu, ikatoka inamtosha mwanasesere. Tangu hapo nauliza kwanza habari ya kufua, kisha ulaini. Rangi ni ya mwisho. Ndivyo nilivyoupanga uzi hapa.

1. Merino ya kufuliwa kwa mashine

Merino ni sufu ya aina ya kondoo mwenye manyoya laini. Unyoya wa kondoo yeyote una magamba madogo sana. Ukiupa joto, maji na msuguano, magamba yanang'ang'aniana, na kitambaa kinanywea na kuwa kigumu kama zulia. Kiwandani magamba hayo hulainishwa au kufunikwa kwa utando mwembamba ili yasishikane, na uzi wa namna hiyo huandikwa superwash kwenye lebo. Usipoliona neno hilo, tafuta mchoro wa beseni lenye namba 30 au 40, yaani nyuzi joto za maji. Beseni lenye mkono ndani yake maana yake ni kufua kwa mkono. Beseni lililopigwa alama ya mkato, lirudishe rafuni.

Merino inashika namba moja pia kwa sababu haiwashi. Unyoya wake kwa kawaida una unene usiofika mikroni 24 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na manyoya yanayochoma ngozi ni yale yanayokaribia mikroni 30 na kuendelea. Halafu sufu hufyonza unyevu hadi karibu asilimia 30 ya uzito wake kabla hujahisi kwamba imelowa, kwa hiyo kofia haikupozi kichwa kwa manyunyu kidogo. Kasoro yake ni kwamba sufu iliyolainishwa magamba hulegea ikilowa. Fuma kipande kidogo cha majaribio, kifue, kikaushe kwa kukilaza, ndipo upime. Wanaoruka hatua hii hufuma kofia inayofika puani.

2. Uzi wa soksi

Mchanganyiko wa kawaida ni sufu asilimia 75 na nailoni asilimia 25. Donge la gramu 100 huwa na mita 400 hivi, na linatosha soksi za mtu mzima mmoja. Sindano zake ni nyembamba, milimita 2.25 au 2.5, kwa hiyo kazi ni ya subira. Usidanganywe na merino tupu yenye ulaini wa mashavu ya mtoto: nilizifuma soksi za namna hiyo, na kisigino kikatoboka kabla baridi haijaisha. Hiyo nailoni ndiyo inayobeba mwendo wa mvaaji. Uzi huuhuu unafaa sana kwa glavu.

3. Sufu iliyochanganywa na akriliki

Akriliki ni uzi wa kiwandani wa jamii ya plastiki. Sufu ikichanganywa nayo haina maajabu, haina visa. Inafaa kwa masweta ya watoto, ambao mwakani hayatawatosha hata hivyo.

4. Akriliki tupu

Wafumaji wenye maringo huidharau, nami nilikuwa mmoja wao. Lakini kwa blanketi la mtoto mchanga litakalofuliwa kila siku ya pili, au kwa mtu ambaye sufu humwasha, hakuna kinachoishinda. Isugue kwanza kwenye shingo yako ukiwa dukani: nzuri huteleza, mbaya hukwaruza na huwa inalia kwenye sindano. Usiipige pasi, maana joto huilegeza na hairudi tena. Vishikio vya sufuria usivifume kwa akriliki kabisa, kwa kuwa huyeyuka na kugandia mkononi.

5. Alpaka

Ni manyoya ya alpaka, mnyama wa Amerika Kusini wa jamii ya ngamia. Ina joto jingi na inapendeza mkononi, ila haina mnyumbuko wa sufu: sweta nzito ya alpaka hurefuka kila inapovaliwa. Skafu, sawa. Kwa anayefua kwa mkono tu.

6. Pamba

Ikilowa ni nzito na baridi. Iache kwa vishikio vya sufuria na vitambaa vya kuoshea vyombo, ambavyo navyo ni zawadi nzuri kwa mtu mwenye jiko lake.

Mohea, yaani manyoya ya mbuzi wa angora, na uzi wa sungura wa angora sikuvipa namba. Vinapukutisha manyoya, kwa hiyo mtoto mchanga asivikaribie, na ukikosea mstari, kuvifumua ni adhabu. Kashmiri, manyoya laini ya ndani ya mbuzi, ni laini ajabu, lakini huota vidonge vya manyoya yaliyojiviringa upesi; mfumie unayeishi naye, ambaye nguo zake unazifua wewe.

Hesabu uzi kwa mita badala ya gramu, maana gramu 100 za pamba ni fupi kuliko gramu 100 za sufu ya unene uleule. Kofia ya mtu mzima kwa sindano za milimita 5 hula kama mita 150 hadi 200. Sweta ya mtu mzima inaweza kula mita 1,000 hadi 1,500 kwa uzi wa unene wa kati. Angalia pia kwenye lebo namba ya mkupuo wa rangi, yaani ya madonge yaliyotiwa rangi pamoja: madonge yote yawe na namba moja, la sivyo mkono wa kushoto utakuwa na weusi mwingine na wa kulia mwingine. Chukua donge moja la ziada.

Uzi usio na lebo unajulikana kwa moto. Choma ncha juu ya sahani: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na majivu yake husagika, akriliki huyeyuka ikaacha tone gumu.

Zikibaki wiki mbili, nunua uzi mnene ufume kofia, na sweta uiahidi kwa baridi ijayo. Lebo usiitupe. Ifunge kwenye zawadi pamoja na mita chache za uzi wa kuzibia tundu.